Wajukuu Kumi na Mmoja

Siku mama alipofariki, watoto waliletwa kama siku nyingine zote. Ilikuwa Jumanne. Kwetu Kiwalani mzazi hapigi hodi mara mbili. Anamsukuma mtoto ndani ya ua, mama anaitikia, "Haya, baba, pita," na mzazi anaondoka mbio kuwahi kazini. Asubuhi ile niliitikia mimi, kwa sababu nilikuwa nakoroga uji na nilidhani mama bado anavaa. Alipofika mtoto wa tatu nikaenda kumwangalia. Alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, ndala moja mguuni na nyingine mkononi. Nilimwita. Nilimgusa shavu. Kisha nikatoka, nikafunga mlango wa chumba, nikampokea mtoto wa nne.

Mpaka leo sielewi kwa nini sikuwaambia wale wazazi. Mmoja aliniuliza, "Bibi yuko wapi?" nikasema yupo ndani. Niliwapokea wote, nikapanga vikombe vya plastiki kwenye mkeka, nikamimina uji, wadogo nikawapoozea. Vikombe kumi na kimoja. Vilipokwisha vyote ndipo nilipompigia simu Mzee Venance, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani.

"Shikamoo," nikamwambia. "Mama amefariki."

"Mungu wangu! Saa ngapi?"

Nikashindwa kujibu.

Naandika haya kwa sababu mambo ya siku zile yamenichanganyikia, na najijua, nikiyaacha mwaka mmoja tu nitaanza kuyasimulia vibaya.

Mama alikuwa anaitwa Margareta. Alitoka Masasi na mimi nikiwa mgongoni, akapanga hapa Kiwalani, na alianza kulea watoto wa majirani kabla sijaanza shule. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Nilipomaliza kidato cha nne nikakaa naye kumsaidia, na baadaye nikampata Albano, ambaye sasa ana miaka minne. Wakati huo hatukuwa na karatasi yoyote. Karatasi ilikuja miaka miwili iliyopita, tulipoambiwa kwamba anayelea watoto wa watu nyumbani lazima awe na kibali. Kibali chetu kilisema mtu mzima mmoja asizidishe watoto sita, wasiotembea wasizidi wawili, na mtoto wa mwenye nyumba, kama anashinda hapo, naye anahesabiwa. Sie tulikuwa wawili, kwa hiyo tuliruhusiwa kumi na wawili. Tulikuwa nao kumi na mmoja, Albano akiwemo.

Mama hakupenda kuhesabu watoto. Alikuwa akisema mtoto si kuku, hanyooshewi kidole na kutajiwa namba. Yeye alihesabu vikombe. Asubuhi vikombe vya uji, mchana vya maji, jioni tena vya uji. Vikombe vikitimia, watoto wametimia. Nami nilijifunza hivyohivyo, nikaona inatosha.

Jumatano, siku moja kabla ya mazishi, nilikuwa nimekalishwa kwenye godoro sebuleni katikati ya wanawake, kama anavyokalishwa mfiwa. Mzee Venance alikuja dirishani na kalamu na daftari, kuandika wasifu wa marehemu. Aliniuliza mama amezaliwa lini, wapi, amebatizwa parokia gani, ameacha watoto wangapi. Hayo nayakumbuka. Kisha anasema aliniuliza, "Na wajukuu?" na mimi nikamjibu, "Kumi na mmoja."

Sikumbuki kabisa kumjibu hivyo. Lakini namwamini, kwa sababu ilikuwa asubuhi, saa ya uji, na kichwani mwangu nilikuwa nikipanga vikombe. Naye hakuona ajabu. Kila mara alipopita kwetu aliwasikia watoto wote wakimwita mama bibi.

Siku ya mazishi jeneza liliwekwa uani, chini ya turubai, na Mzee Venance akasoma. Alisoma vizuri, polepole. Alipofika mwisho akasema, "Marehemu ameacha mtoto mmoja na wajukuu kumi na mmoja."

Hakuna mtu anayesahihisha wasifu mbele ya jeneza. Watu waliinamisha vichwa. Ni Somoe peke yake aliyeinua cha kwake. Somoe anachoma vitumbua pale kwenye kona yetu, na ni mtani wetu. Misiba yetu ni haki yake kuichezea, kama ya kwao ilivyo haki yetu.

"Mtoto mmoja, wajukuu kumi na mmoja!" akasema kwa sauti. "Recho, mwenzetu ulikuwa unazalia wapi wote hao? Au ulikuwa unashusha kwa trei, kama mayai?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, huku machozi yananitoka. Somoe akamnyooshea kidole Muhannad, mtoto wa dukani, aliyekuwa amepakatwa na mama yake, Bahiya. Muhannad ana miaka miwili, mweupe, nywele zake zinaangukia machoni.

"Na huyu je? Mmakua wa Masasi kazaa Mwarabu lini? Marehemu, ulitufichia mengi!"

Bahiya akamvuta mwanawe kifuani. "Ni mjukuu wake, Somoe. Tena usimguse."

Kwenye viti vya nyuma alikuwepo Bwana Stanley, afisa ustawi wa jamii anayeshughulikia vibali kama chetu. Alikuja kwa heshima, akatoa rambirambi, akakaa. Nilimwona ametulia wakati wenzake wanacheka. Alikuwa mgeni katika eneo letu, na sidhani kama alijua hata mimi nina watoto wangapi.

Jumamosi tukaanua tanga, msiba ukaisha. Kama watani wafanyavyo, Somoe alivaa kitenge cha mama na ndala zake, akajifunga kilemba kwa namna ileile ya mama, akasimama mlangoni akaita, "Haya, baba, pita!" Sauti ilikuwa yenyewe. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Muhannad alichomoka mikononi mwa Bahiya, akakimbia kuelekea mlangoni, akauona uso, akasimama. Hakulia. Alibaki katikati ya ua, hajui aende mbele au arudi. Nilimtazama nikaona ndivyo nilivyo na mimi. Baadaye Somoe alirudisha kitenge kabatini na ndala chini ya kitanda, akaurudishia mlango, na mimi sikuingia tena chumba kile.

Jumatatu watoto wakaletwa. Hakuna aliyeniuliza kama nitaweza, wala mimi sikujiuliza. Wazazi walisema, "Pole, dada Recho," wakamsukuma mtoto ndani, wakaondoka mbio.

Jumatano akaja Bwana Stanley. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kigoda, akaomba daftari la majina.

"Dada Recho, pole tena. Naomba unisaidie, maana nimechanganyikiwa. Humu kuna watoto kumi na mmoja."

"Ndiyo."

"Na msibani nilisikia wajukuu kumi na mmoja."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni ishirini na wawili?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Hapana," nikasema. "Ni haohao."

"Haohao wajukuu, au haohao wa kulelewa?"

"Haohao wa mama."

Alifunga daftari, akalifungua tena. "Nisikilize, dada. Kama ni wajukuu, hii ni familia, na mimi siingii kwenye familia ya mtu kuhesabu. Kama ni watoto wa watu, basi kibali kilikuwa cha watu wazima wawili. Sasa umebaki mmoja. Mmoja ni sita."

"Na Albano je?"

"Albano ni mjukuu?"

"Nimemzaa mwenyewe."

"Basi yumo kwenye sita."

"Si umesema wajukuu hawahesabiwi?"

"Wakiwa wajukuu watupu hawahesabiwi. Wakichanganyika na watoto wa watu, wanahesabiwa wote." Alijifuta jasho usoni. Nadhani hata yeye sentensi ile ilimchosha. "Au tafuta mtu mzima wa pili. Apimwe afya, alete barua ya serikali ya mtaa, awe hapa kila siku kuanzia asubuhi."

Somoe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza bila kificho, akaruka. "Usinitazame mie! Mie nawachekesha tu. Nikishinda nao hapa, vitumbua atachoma nani? Afisa?"

Bwana Stanley akanipa karatasi. Niandike majina yote, na mbele ya kila jina uhusiano wangu na mtoto, halafu nisaini. Angeipitia Jumatatu.

"Utakachoandika ndicho nitakachokichukua," akasema. "Ule wasifu ulisomwa na Mzee Venance. Hii unasaini wewe."

Jioni habari ilikuwa imeshafika kwa wazazi wote. Bahiya ndiye aliyeianza. Alikaa mkekani mbele yangu, Muhannad akimvuta ushungi.

"Andika wajukuu, sista. Ishu iko wapi hapo? Msiba mzima umesikia."

"Bahiya, yale yalikuwa makosa yangu. Mzee Venance aliniuliza nikiwa sijielewi."

"Makosa gani? Nani aliyemfundisha huyu kutembea? Mie mama yangu yuko Tanga, hajamtia machoni hata siku moja. Mama yake mume wangu Awadh kafa Awadh akiwa mdogo. Sasa huyu bibi yake ni nani? Nitajie."

Nikaanza kukusanya vikombe.

Waliofuata nao walisema hivyohivyo, mmoja mmoja, wakati wa kuchukua watoto. Wengine walisema kwa kubembeleza, wengine kama wanaotoa taarifa. "Tumeshakubaliana, dada, hawa ni wajukuu." Baba yake Farida alisema akiulizwa na afisa yuko tayari kusema amemzaa Farida na mimi. Mkewe alikuwa nyuma yake na akampiga kofi la mgongo.

"Umezaa na nani?"

"Nasaidia tu, mama Farida!"

Nilicheka kidogo. Wote walipoondoka nikaichukua karatasi. Niliandika: Albano, mtoto wangu. Mstari wa pili nikaandika Muhannad, nikasimama hapo. Mama alimwita mjukuu, na Muhannad alimwita bibi. Kwenye msiba mama yake amesema ni mjukuu, na hakuna aliyekataa. Nilijiuliza uongo uko wapi hasa, na kila nilipoukaribia niliona kama si uongo. Nikiandika wajukuu, kazi ya mama inabaki kama alivyoiacha, na hakuna mtoto anayetolewa. Nikiandika vingine, nitawatoa watano kwa mkono wangu, wiki ya pili tu baada ya kumzika. Nilikunja karatasi nikaiweka kwenye mfuko wa dera.

Nilikaa nayo mfukoni siku mbili. Ijumaa, saa nane mchana, Bahiya alikuja kuleta sukari ya uji. Duka lao liko nyumba ya nne kutoka kwetu na mara nyingi hupita hivyo.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yupo," nikasema. Nilikuwa nambadilisha nguo mtoto mchanga.

"Yupo wapi?"

Nikageuka kutazama mkeka. Vikombe vya maji vilikuwa kumi na kimoja, vyote vitupu. Nilikuwa nimeviona hivyo muda uliopita, nikatulia. Sasa nikaona kwamba Farida alikuwa na viwili mapajani. Alikuwa amekunywa cha kwake na cha mwingine.

Tulitafuta chooni, nyuma ya simtanki la maji, kwenye nguo zilizoanikwa. Nilikwenda getini. Komeo lilikuwa limefunguliwa, na sikukumbuka kama Bahiya amelifungua alipoingia au lilikuwa wazi tangu asubuhi. Bahiya naye hakukumbuka. Alitoka nje akiita jina la mwanawe, ushungi umeanguka mabegani. Somoe aliacha karai lake motoni akakimbilia upande wa barabara. Mimi nilibaki na wale waliokuwepo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliwahesabu kwa kidole, nikimgusa kila mmoja kichwani. Kumi. Nikaanza upya, kwa sauti, mpaka Albano akaanza kulia. Kumi.

Nilimkuta chumbani kwa mama. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu, haukufungwa. Alikuwa chini ya kitanda, amelala, shavu juu ya ndala. Kaptura yake ilikuwa imelowa na tayari imeanza kukauka.

Nilimwita Bahiya. Alikuja akamvuta, akamkumbatia, akalia na kucheka kwa pamoja.

"Umeona?" akaniambia. "Umeona, Recho? Kamfuata bibi yake. Hata mtoto mdogo anajua. Andika sasa, usiogope."

"Nimeona," nikasema.

"Kaingia humu saa ngapi?"

Nikashindwa kujibu.

Bahiya aliondoka amefurahi. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Mtoto mwenyewe alikuwa ameamua. Mimi nilibaki nimeketi sakafuni pale chumbani, mlango wazi ili niwaone wengine, nikijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumwona Muhannad. Nilikumbuka uji wa asubuhi. Kati ya uji na saa nane hapakuwa na kitu. Saa zote hizo nilikuwa na watoto kumi, na moyo wangu ulikuwa umetulia kwamba nina kumi na mmoja. Mama angekuwepo, mmoja wetu angekuwa anabadilisha nguo na mwingine anatazama. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba vikombe peke yake havitoshi, na kwamba siku zote kilichotosha ni yule aliyekuwa ameketi karibu navyo.

Jumapili baada ya misa nilimweleza Mzee Venance. Alisikitika sana, akaniuliza kama tuurekebishe wasifu kabla ya misa ya arobaini, asionekane amesoma uongo.

"Uache ulivyo, mzee," nikamwambia. "Mama mwenyewe angesema hivyohivyo."

"Na karatasi ya afisa?"

"Hiyo hajaulizwa mama."

Niliandika siku ileile. Albano, mtoto wangu. Mbele ya majina mengine kumi niliandika: hakuna uhusiano. Nilirudia maneno hayo mara kumi na kila mara mkono ulikuwa mzito kama mara ya kwanza. Chini nikaandika: mlezi ni mmoja.

Bwana Stanley aliisoma Jumatatu, akasema, "Asante, dada," kisha akaikunja. "Basi ni sita. Utaamua mwenyewe nani wanabaki. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi."

Nilidhani kuna sheria ya hilo pia. Hakuna. Niliwauliza wazazi kama kuna mwenye mtu mwingine wa kumwachia mtoto, na wote walisema hawana. Niliwauliza tena, mmoja mmoja. Wawili walikuwa na watoto wanaokaribia miaka mitano, wakawapeleka chekechea. Mmoja alimpeleka wa kwake kwa shangazi yake Kimara. Mmoja alinuna, akaacha kumleta bila kuniaga. Wa tano alikuwa Suhaib, wa mwaka mmoja na nusu, ambaye mama yake anafanya usafi Mabibo, kwenye hosteli za wanafunzi. Yeye nilimtoa mimi, kwa sababu hakuna aliyejitoa tena. Mama yake aliniambia, "Sawa, dada, nimeelewa," na nina hakika hakuelewa, kwa sababu mimi mwenyewe sikuelewa kwa nini awe yeye.

Muhannad nilimbakisha. Jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha mpya niliyotakiwa kuibandika mlangoni.

Bahiya aliisoma alipokuja kumleta. Aliisoma taratibu, akipitisha kidole.

"Uhusiano: hakuna," akasema. "Hakuna?"

"Bahiya, ndivyo karatasi inavyouliza."

"Mie sijaiuliza karatasi. Nakuuliza wewe."

"Nafasi yake ipo. Ni wa pili, umeona mwenyewe. Nimemwandika kabla ya wote, baada ya Albano tu."

"Nafasi ya mtoto wa watu."

"Ijumaa ile sikujua yuko wapi, Bahiya. Nusu siku nzima. Nikiwa nao kumi na mmoja, siku nyingine hatakuwa chini ya kitanda."

"Nayajua hayo. Ungeniambia ni wengi, ningekuelewa. Ungeniambia mwanangu atoke, ningekuelewa. Lakini mama yako kaondoka akimwita mjukuu, wewe umembakiza na 'hakuna'."

Nilitaka kumweleza kwamba kama ningeandika mjukuu mmoja wa uongo ningelazimika kuwaandika wote, na wote wangebaki, na mimi ni mmoja. Maneno yalikuja yamepindana. Bahiya aliingia ndani, akachukua kile kibegi kidogo cha nguo za mwanawe msumarini, akamweka mtoto kiunoni.

"Pole na msiba," akaniambia, kama anavyoambiwa mtu ambaye humjui vizuri, akaenda zake.

Kibali kipya kimetoka na kina jina langu peke yake. Ninao watoto sita, Albano akiwemo. Nafasi ya Muhannad nilimrudishia Suhaib. Muhannad anashinda dukani na wazazi wake, nyuma ya magunia ya mchele. Ijumaa, Awadh akienda msikitini, Bahiya anafunga duka mpaka arudi, kwa sababu hawezi kuuza na kumwangalia mtoto kwa wakati mmoja.